Anwani Moja ya Watu Wengi

Nina kibanda cha kuchapa barua karibu na soko la Bunia, mashariki mwa Kongo: kompyuta moja, printa moja na jenereta inayokohoa. Anayetafuta kazi na hana simu ya intaneti huja kwangu. Namchapia barua, naituma kutoka kwenye anwani yangu ya imeli, na jibu likija namwita. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuuliza, maana mji mzima unajua.

Vahwere ni mkunga mwenye diploma. Alikimbia vita na watoto wake wawili, na sasa yuko kambini, ambako anazalisha wanawake chini ya turubai bila glavu wala mshahara. Shirika moja lilipotangaza kwamba linatafuta mkunga wa kambi hiyohiyo, nilifurahi kana kwamba nafasi ni ya binti yangu. Nikaichapa barua yake kwa uangalifu, nikaituma.

Jibu lilikuja kabla sijazima kompyuta. "Mpendwa Régine, ombi lako limekataliwa. Umeomba kazi kwetu mara nyingi kwa majina tofauti."

Mimi! Mimi ambaye hata paka sijawahi kumzalisha! Damu ilinichemka. Nilimshika mkono Vahwere, aliyekuwa bado amekaa kwenye benchi langu, tukapanda pikipiki moja hadi kwenye geti la shirika. Mlinzi alitaka kuturudisha. Nikapiga kelele mpaka Liévin, kijana wa ofisi ya kuajiri, akatoka mwenyewe.

"Mama Régine, siku hizi hatusomake tena barua siye wenyewe," alisema. "Ni mashini ya akili ndiyo inachagua. Iliona adresi moja, majina mingi. Ikasema ni mudanganyifu mumoja."

"Mudanganyifu? Angalia! Vahwere ni huyu, iko mbele yako na miguu yake. Umuguse, uone kama haiko mutu!"

Vahwere alimnyooshea diploma yake. Liévin hakuipokea.

"Mama, namuona. Lakini mashini ilishamukatala. Siko na njia ya kumurudisha ndani."

Anamwona! Ana macho mawili, amesoma, anakula mshahara kila mwezi, na anamwona. Sasa macho hayo ni ya kazi gani? Wameweka akili ya bandia mezani, na zao wamezifungia kabatini!

Nilimtazama vizuri, na hapo nikamkumbuka kwenye benchi langu, amevaa shati la kuazima, akiniomba nimchapie bure.

"Na weye, Liévin? Barua yako ya kuomba hii kazi, ilipita mu adresi ya nani?"

Aligeuka kuangalia mlango wa ofisi, kisha akanisogelea karibu kabisa.

"Mama, naomba, usiseme na nguvu, niko na watoto," alinong'ona. "Mwezi yenye inakuya watapitisha madosie ya watumishi wote, na barua zetu za kuomba kazi, mu ile mashini."

Ahaa. Kumbe hasira yangu ilikuwa na dawa. Nilivuta pumzi ili niseme kwa sauti ambayo mlinzi, madereva na wakubwa wote ndani wangeisikia. Vahwere akanibana mkono.

"Mama, umuachilie. Iko na watoto."

Nilifunga mdomo, machozi ya hasira yakinitoka. Watoto wa Vahwere mwenyewe walikuwa kambini wakimngoja, na hawakuwa wamekula tangu jana.