Moto Hauruhusiwi Ukumbini

MaHadebe alikalishwa kwenye kigoda kipya, ndani ya ukumbi wa mikutano kule Sandton, mtaa wa matajiri, mbele ya jiko lisilo na moto. Ndani ya jiko, badala ya makaa, waandaaji walikuwa wamewasha taa nyekundu. Mahindi yenyewe mabichi, yamepakwa rangi nyeusi huku na huku yaonekane yamechomwa.

"Wewe geuzageuza tu, mama," alisema Mabitsela, ofisa wa wakala wa kukuza uchumi wa jiji. "Na utabasamu."

"Na kibali changu, mwanangu?"

"Wageni wakiondoka tu, nakigonga mhuri mwenyewe."

Miaka kumi na mitano alichoma mahindi kwelikweli, kwenye kona ya stendi ya teksi, akikimbizwa na askari wa jiji kama mwizi. Kibali cha kuuzia pale kona ndicho kilichomleta hapa. Wangemwambia ageuze mawe, angegeuza.

Wageni wakaja, suti kwa suti. Mabitsela, ambaye tangu apewe gari la serikali hajanunua hata hindi moja barabarani, akawahubiria: mjasiriamali mdogo ndiye uti wa mgongo wa jiji letu! Lo, mdomo hauna mfupa. Wageni wakapiga picha, wakasogea meza ya mvinyo.

Simu ikalia. Alikuwa Tsakani, muuza nyanya, jirani yake pale kona.

"Dada, njoo! Askari wanazoa kila kitu. Jiko lako liko kwenye lori. Eti basi la wageni litapita hapa saa nane!"

"Waambie kibali napewa leo."

"Nimewaambia. Wamecheka."

MaHadebe akamkamata Mabitsela mkono. "Wanabeba jiko langu. Wapigie, waambie niko kwako!"

"Hiyo idara nyingine, mama. Usiniaibishe."

"Basi gonga mhuri niwapelekee."

"Mhuri wa kona gani? Kona ile imefutwa kwenye orodha tangu jana. Utaomba upya, uambatanishe picha ya jiko lako."

"Jiko lipi, we mtoto? Si mmelibeba!" Akaanza kunyanyuka.

"Ukinyanyuka hapo, hata fomu hupati."

Akakaa tena. Alimchukia kijana yule, na zaidi akayachukia magoti yake yaliyokunjika upesi hivyo.

Mgeni mmoja akarudi, glasi mkononi, akauliza mama huyu anauzia wapi.

"Popote apendapo!" Mabitsela akajibu. "Jiji letu halimfungii mtu mlango."

Wageni wakampigia Mabitsela makofi.