Tetea wa Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa na kuku watano uani, na waliishi kwa amani mpaka mama mkwe alipomletea zawadi ya tetea mweusi. Haikupita wiki, tetea huyo akawa amemdonoa kuku mdogo kuliko wote mpaka mgongo ukabaki mtupu, unatoka damu. Fundi alimpaka majeruhi dawa, akamficha jikoni. Kumchinja yule mweusi hakuthubutu. Angemwambia nini mkwewe?

Jumamosi mama mkwe akaja bila taarifa, akamkuta kuku majeruhi chini ya meza ya jikoni.

"Ni yule mweusi, sivyo?"

Fundi akakiri, "Ndiyo, mama. Nisamehe, niliogopa kukuudhi."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Mwanangu, hata mimi alinishinda! Nilidhani kwako atatulia. Basi mtoe yeye, si huyu mnyonge. Mfungie peke yake siku nne. Akirudi atajiona mgeni, ubabe utamwisha."

Walimkimbiza pamoja mpaka wakamtia tengani. Siku ya tano alipoachiwa, alinywea pembeni huku kuku mdogo akila pumba bila wasiwasi. Fundi akashusha pumzi, akampigia mkwewe simu.

"Mama, amenyooka!"