Mawaidha Aliyoyapima Ronah

Haji Sowedi alisema mara moja tu, huku anatafuna karanga. "Ronah, lori yangu moja ikisimama geti juu ya mashine yako, hii kazi napatia watu ya Kampala." Na Haji akishasema, kasema.

Mashine yenyewe ni seva, kompyuta kuu ya yadi yake ya malori pale Bwera. Ndiyo inayopeleka habari kutoka mizani hadi ghala la Kasese, na kutoka ghala hadi kwa karani wa mpakani. Ikinyamaza, hakuna lori linalotoka. Toleo la programu yake lilikuwa limezeeka hata waliolitengeneza wamelikana. Wiki nzima Ronah, fundi wa kompyuta, alikuwa akinakili kila kitu kwenye seva mpya, huku ile kuukuu ikichapa kazi. Kilichobaki ni kuizima, kuhamisha ujumbe ulio kwenye foleni, na kuwasha mpya. Dakika thelathini na tano. Haya, utazitoa wapi kwenye yadi ile?

Msikitini. Madereva wote wa Haji huswali Ijumaa, na baada ya swala Shehe Siraj hutoa mawaidha. Ronah, Mkristo wa Karambi, alikaa nje ya msikiti Ijumaa nane akipima kwa saa ya simu. Muuza chapati alidhani anatafuta mume. Tangu adhana hadi watu kuvaa viatu ni dakika hamsini, hazipungui.

Siku ikafika. Madereva wakaenda, Ronah akazima. Foleni ikaanza kuhama, nzito kuliko alivyokadiria. Dakika ya ishirini na nane akasikia ndala kwenye changarawe. Madereva wote wamerudi, na mbele yao Shehe Siraj, uso umekunjuka.

"Binti yangu, Haji alituambia leo una haraka na mashine. Nimeacha mawaidha yote, tusikucheleweshe."

Wema gani huu, jamani, wa kumtoa mtu kazini? Swalik, dereva wa kwanza, alikwisha kuwasha injini. Haji alikuwa anatazama geti.

"Asante, shehe," Ronah akasema. "Lakini iko bado dakika kumi na mbili. Nilitegemea mawaidha yako. Nimeyapima Ijumaa nane."

"Ulipima?"

"Nje pale, shehe."

"Na ulisikia?"

"Majirani, mara tatu. Mizani ya uongo, mara mbili."

Shehe akawageukia madereva. "Swalik, zima gari. Mawaidha bado."

Wakaketi kwenye changarawe, Haji naye, karanga mfukoni. Mada ilikuwa subira. Dakika ya kumi na mbili seva mpya ikaitika, na Ronah akapunga mkono dirishani, machozi yanamlengalenga. Shehe alimwona, ila alikuwa katikati ya hoja. Lori la kwanza lilitoka nusu saa baadaye, mawaidha yalipokwisha.

Ronah akaandika kwenye ripoti: "Lori zilizongoja mashine: hakuna." Haji akaisoma mara mbili.

"Iko kweli," akasema, akatia sahihi.

Ijumaa iliyofuata Ronah hakuwa na seva ya kuhamisha. Alifika nje ya msikiti hata hivyo, simu akaiacha ofisini. Muuza chapati akamtolea kiti.