Kaskazini ya Daktari Dionis

Daktari Dionis hakuogopa namba hata moja. Alizipenda, hasa zile zilizomsifu, na hilo ndilo lililomtia mashaka Zeyana Darwesh tangu siku ya kwanza alipopangiwa kufanya kazi chini yake.

Ofisi yao ilikuwa Dar es Salaam, na shughuli yenyewe ilikuwa kukusanya kumbukumbu za sumaku ya kale ya dunia. Udongo ukichomwa sana kisha ukapoa, hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia kama ulivyokuwa siku ile, nao hauuachi. Kwa hiyo tanuri la kuyeyushia chuma lililozimwa zamani za misafara bado linaonyesha sindano ya dira ingeelekea wapi wakati ule. Sharti ni moja tu: kabla ya kung'oa kipande cha udongo, uchore juu yake mshale wa kaskazini. Bila mshale huo unabaki na kigae.

Zeyana ndiye aliyeandika programu ya kukokotoa vipimo hivyo na kutoboa kadi za kulisha kompyuta. Dionis alipigwa picha kando ya kompyuta.

Mwaka ule walikuwa na matanuri mawili ya umri mmoja. La Urambo lilionyesha kwamba sumaku ya enzi ya misafara ilielekea digrii kumi magharibi ya kaskazini. La Ntalikwa, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, likasema ishirini na nne. Mtu mwenye akili angeuliza nani kakosea. Dionis aliita waandishi wa habari. Aliwaambia kwamba sumaku ya dunia iliyumba juu ya njia ya misafara, na kwamba hata ardhi, ndugu zangu, ilitikisika chini ya mizigo ya wanyonyaji. Maneno hayo yalichapishwa. Hakuna aliyeuliza ardhi ya Urambo, iliyopitiwa na mizigo hiyo hiyo, ilikuwa imelala usingizi gani.

Kadi zilikuwa zisafirishwe ng'ambo, kwenye hazina ya vipimo wanayoitumia wataalamu wa dunia nzima. Zikishaingia huko hakuna ambaye angerudi Ntalikwa kuhakikisha, kwa sababu pasingekuwa na cha kuhakikisha: tanuri lilikuwa libomolewe siku ya Saba Saba, mara baada ya hotuba, kupisha ghala la kijiji cha ujamaa. Uongo ungebaki peke yake, na ungebaki umekokotolewa na programu ya Zeyana.

Alifika Tabora siku moja kabla ya sherehe, akaenda kwao, mtaa wa Cheyo, kumwamkia shangazi yake, Bimdogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huyo mkubwa wako ana adabu ya wapi? Karudisha dira ya marehemu baba yako kwa mkono wa dereva, hata ahsante hakuna."

Zeyana alisimama na buibui lake mkononi. "Dira gani?"

"Hiyo hapo. Ya kwao ilianguka garini wakienda Ntalikwa, ikavunjika kioo, akaja kuomba. Nikamwambia, baba, hii ni ya Kibla. Akanijibu, 'Dira ni dira, mama.' Nikasema mwenyewe, haya, kasoma huyu. Pengine huko Ulaya zote zinaswali."

Dira ilikuwa juu ya meza. Babu yake, Ghalibu, aliibeba kwenye misafara ya Ujiji. Baba yake, aliporudi hija, alilegeza duara la shaba lenye digrii, akaligeuza mpaka sifuri yake ikaelekea Makka, akaliziba kwa lakiri nyekundu. Tangu hapo kila aliyejenga msikiti pande hizo alikuja kuiazima, na wa Ntalikwa walikuwa miongoni mwao. Kutoka Tabora, Makka haiko kaskazini kamili; iko upande wa mashariki yake, kama digrii kumi na nne hivi.

Kumi za Urambo ongeza kumi na nne. Zeyana hakuhitaji kompyuta.

Alimkuta Dionis barazani kwenye nyumba ya wageni, akijisomea hotuba yake kwa sauti.

"Mishale yote ya Ntalikwa inaelekea Kibla," alimwambia. "Sumaku haikuyumba. Ni wewe uliyesimama upande."

Dionis alicheka kwa upole wa mtu anayemhurumia mwingine. "Dada Zeyana. Unataka kuniambia kazi ya kisayansi imeharibiwa na msikiti?"

"Msikiti uko sawa. Haukuchukua dira ya mtu bila kusikiliza ulichoambiwa."

"Data haipingwi kwa hadithi za shangazi."

"Basi tupime kwa jua, kesho, kabla ya trekta."

"Kesho nina wageni wa mkoa," alisema Dionis, akarudi kwenye hotuba yake. "Na jioni kadi zinapanda treni pamoja nami."

Asubuhi Zeyana alikwenda Ntalikwa na kijiti, uzi na kipimapembe. Visiki vya udongo vilivyobaki ndani ya tanuri vilikuwa bado na mishale yao ya wino, pacha wa ile iliyokwenda maabara. Dionis, kwa faida ya wageni, alikuwa ameongeza wa kwake kwa kufuata ile ya wino: mshale mkubwa wa chokaa chini, mbele ya tanuri, umeandikwa KASKAZINI kwa herufi ambazo hata trekta ingezisoma.

Zeyana alisimika kijiti kando ya mshale huo na kuanza kufuatilia ncha ya kivuli. Hotuba ilianza, ikaendelea. Ndani yake ardhi ilitikisika mara nyingi. Kivuli kilipofikia ufupi wake wa mwisho, alitandika uzi juu yake, kusini kwa kaskazini, akaukaza kwa misumari miwili. Kisha akaingia tanurini kupima pembe kati ya uzi na kila mshale wa wino. Wageni walidhani anafagia.

Hapo ikaadhiniwa adhuhuri.

Msikiti wa Ntalikwa ulikuwa mdogo, na watu siku hiyo walikuwa wengi. Waliokosa nafasi walitandika mikeka uwanjani, mbele ya tanuri, wakajipanga safu kwa kuufuata ukuta wa msikiti. Dionis alinyamaza kuwasubiri. Alipotazama chini aliona mshale wake wa chokaa ukipita katikati ya safu, na kila mtu aliyerukuu alirukuu sawasawa na ncha yake. Kando yake, ukiachana nao kama miguu ya bikari, ulilala uzi wa Zeyana.

Swala ilipokwisha, Abbasi, mwenyekiti wa kijiji, alikunja mkeka wake taratibu.

"Ndugu Daktari," alisema, "mshale wako umetufaa sana. Ila umeukosea jina."

"Jina gani?"

"Sisi hapa tukitaka kaskazini tunatazama kwingine. Huko ulikoandika tunatazama mara tano kwa siku." Akaligeukia tanuri. "Au mzee huyu kasilimu?"

"Kasilimu zamani!" mwanamke mmoja alidakia kutoka nyuma. "Hamumwoni alivyoelekea Kibla?"

Wageni wa mkoa walicheka kwanza, wakaangalia kama inaruhusiwa baadaye. Dionis alimvuta Zeyana nyuma ya jukwaa.

"Itupwe," alisema. "Kadi zote za Ntalikwa. Hatukuwahi kupima hapa."

"Tulipima. Kosa linalojulikana kiasi chake halitupwi, linatolewa hesabuni. Nimepima kila mshale. Kadi moja ya kusahihisha inatosha."

"Sitii jina langu kwenye karatasi inayotaja Kibla."

"Basi usitie. Ntalikwa itakuwa na jina langu."

Dionis alifikiri. Hakufikiria sumaku. "Na aliyeshika dira je? Itasemwa ni nani?"

"Itasemwa dira haikuelekezwa kaskazini. Dira haina jina."

Alikubali haraka, kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa. Trekta ilikuwa imeshawashwa. Tanuri lililovumilia mvua za miaka mia lilihitaji misukumo michache tu, na mshale wa chokaa ukaondoka nalo.

Kadi zilipanda treni jioni ile mikononi mwa Zeyana. Zilipopita kwenye kompyuta zikiwa zimesahihishwa, Ntalikwa ilisema karibu digrii kumi magharibi, kama Urambo. Hakuna gazeti lililoandika. Dionis alihamia kwenye chumvi ya Uvinza, ambayo haina kaskazini.

Bimdogo alitaka kujua, siku Zeyana aliporudi kumjulia hali.

"Kwa hiyo mligundua nini?"

"Kwamba hapakuwa na la ajabu, shangazi. Sumaku ilikuwa mahali pake."

Bimdogo aliipangusa dira kwa upindo wa kanga, akairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo.

"Basi mwambie," alisema, "dira si dira."