Saa Moja Getini

Usiku wa kuamkia jana Kwamboka aliota, na Kwamboka si mtu wa kutia chumvi. Akikwambia boksi lilikohoa, ujue lilikohoa kweli.

Yuko kazini Naivasha, kwenye banda la kufungashia maua, mchana kweupe. Anafunga boksi la mwisho. Boksi linakohoa. Analifungua, na katikati ya mawaridi anakuta saa imekaa. Si ya ukutani wala ya mkononi. Saa yenyewe, nyembamba, imevaa koti la baridi, macho mekundu kwa kulia.

"Habari ya kazi," inasema. "Mimi ndiyo ile saa moja inayokuchelewesha."

Kwamboka anaijua sana. Kila mwisho wa Oktoba Wazungu hurudisha saa zao nyuma. Soko lao la maua likichelewa kufunguliwa kwa saa za huku, lori la huku nalo linachelewa kuondoka, na wafungashaji wanatoka saa kumi na mbili badala ya kumi na moja. Hiyo saa moja imemtenda. Mwaka jana kila alipofika kwa Mama Nyakio, jirani anayemlelea mtoto, alimkuta Kerubo ameshalala. Ilipofika Desemba mtoto alikuwa anamwita Mama Nyakio "mama," na mamake mwenyewe "anti." Mpaka usiku huo ilikuwa hivyo. Inauma, wacha mchezo.

"Umekuja kunianza tena?" Kwamboka anafoka.

"Nimefutwa kazi. Ulaya wameamua hawarudishi tena saa nyuma." Inapenga kamasi. "Sisi wawili tumesimama kwenye meza hii miaka mitatu. Nikaona nimfuate mtu ninayemjua. Kwako kuna nafasi?"

Haki, Kwamboka hajui acheke au alie. Anaitia kwenye mkoba. Mara banda limekuwa geti, naye hajapiga hata hatua. Mzee Ekai, mlinzi anayekagua mikoba watu wasitoke na maua, anachungulia ndani.

"Mama Kerubo, umebeba nini?"

"Saa moja tu, mzee."

"Ya asubuhi au ya jioni?"

"Si ya asubuhi wala ya jioni. Saa moja hivi hivi."

Ekai anaangalia jua. "Sasa ni saa kumi na moja. Saa moja haijafika, na kitu ambacho hakijafika hakiwezi kutoka. Kaa hapo kwenye benchi uingoje."

Kwamboka anakaa. Akingoja mpaka saa moja jioni, Kerubo atakuwa amelala, na yatakuwa yaleyale ya mwaka jana. Lori linapita, mawaridi yanampungia mkono. Ndani ya mkoba saa inapiga chafya.

"Mwambie jina langu la nyumbani," inanong'ona.

Kwamboka anasimama. "Mzee, nisamehe, nimekosea kusema. Ni dakika sitini."

"Dakika? Si ungesema mapema! Dakika hazikatazwi. Pita, mama, msalimie mtoto."

Wee! Pumzi aliyoishusha hapo, ungedhani ametua gunia la viazi.

Sasa yuko nyumbani, jua linaingia mlangoni, na Kerubo yuko macho. Saa inavua koti, inakaa kwenye kigoda na kumshika mtoto kichwa. Kwamboka anamsuka polepole, mstari baada ya mstari, na hakuna anayewaharakisha. Mstari wa nane unapoisha, saa nayo imeisha. Kwenye kigoda limebaki koti tu.

Alipoamka kulikuwa kumekucha. Usiku alikuwa amelala kwa uchovu, hata kitana hakukigusa. Kerubo alikuwa amekaa kitandani, anajipapasa kichwa.

Mistari minane, imenyooka vizuri.

"Nani amenisuka?" mtoto aliuliza.

Kwamboka aliipitisha vidole mistari ile, akaihesabu mmoja mmoja. Kerubo akamtazama, akawaza kidogo, kisha akajijibu mwenyewe.

"Ni wewe, mama," akasema, akaja kumkalia mapajani.