Sasa Hivi ya Johannesburg

Suruali ile niliipinda mimi mwenyewe, mshono mara mbili, na mishono yangu haifumuki. Kwa hiyo Firmin alipoileta tena upindo unaning'inia, nilijua kaufumua mwenyewe kwa wembe. Mtu mzima akifumua suruali yake ili apate sababu ya kuja kukaa kwa fundi, unamvutia kiti.

"Mama Bushra, imefumuka tena," alisema.

"Naona, Baba Chloé. Kaa."

Duka langu liko Yeoville, hapa Johannesburg, katikati ya saluni mbili za Wakongo. Yeye anakaa huko Sandton, kwenye majumba yenye kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Anafanya kazi benki ya wageni, ile inayokopesha serikali za watu zijenge bandari na barabara. Leo yuko Abidjan, keshokutwa Dubai. Mawaziri humsubiri mlangoni. Na Jumamosi alikuwa anavuka jiji zima kuja kunisikiliza mimi Mzanzibari nikilalamikia bei ya uzi, kwa sababu nyumbani kwake hakuna aliyesema naye Kiswahili.

Mkewe Brigitte alikwenda kwa dada yake Ubelgiji, wakasema ni kwa muda. Muda huo bado unaendelea. Amebaki binti, Chloé, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Baba akimwita mezani, yeye hujibu kutoka chumbani, "Just now, Papa," yaani sasa hivi. Mgeni wa Johannesburg akisikia hivyo atapakua kabisa. Sisi tuliozoea tunajua kwamba "just now" ya hapa ni baadaye, au kesho, au sahau. Firmin alikuwa akila peke yake, sahani ya pili imefunikwa.

Tatizo ni kwamba neno hilo lilimwingia na yeye, likajificha ndani ya Kiswahili chake. Akinipigia kusema, "Niko nakuja sasa hivi," mimi nilikuwa napika chai ya mtu mmoja. Nilimtania kwamba ahadi ni deni, na mtu wa benki angepaswa kulijua hilo kuliko sisi, naye alicheka mpaka anavua miwani. Zilikuwa siku ambazo bado anacheka.

Mama yake alibaki kwao Goma, Kongo. Firmin alisoma kati ya vita na vita. Moja ilifunga shule yake, nyingine ikamchukua baba yake, na risasi ziliponyamaza kidogo mama akampakia kwenye lori aende kusini akatafute maisha. Mwenyewe akakataa kuondoka. Alisema atailinda nyumba mpaka mwanawe aje kumchukua, yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Januari ya mwaka jana vita ikarudi kubisha hodi. Firmin alimpigia mama yake akiwa kwenye kiti changu, simu kaiweka spika, maana mkono mwingine ulishika kikombe.

"Mama, usiende na wale majirani wanaokimbia," alisema. "Miye niko nakuja kukuchukua."

"Sasa hivi?" mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Sasa hivi."

Niliweka mkasi chini. Nilidhani atainuka. Ndege mpaka Kigali, gari mpaka mpakani, na mpaka unavukwa kwa miguu. Alishanieleza mwenyewe njia hiyo. Yeye akanywa chai.

"Unaondoka leo?" nikamuuliza.

"Niko na mkutano London. Nikitoka kule, naenda."

"Na mama yako kaelewa hivyo?"

"Anajua kazi yangu, Mama Bushra."

Nilikasirika. Nilimwambia ampigie tena amweleze sawasawa. "Sharp, nitamupigia," akasema, ile "sawa" ya watu wa hapa, akatazama saa, akaenda zake.

Alipokuwa London mji wa Goma ukatekwa, uwanja wa ndege ukafungwa, simu zikakatika. Aliporudi alikuja moja kwa moja dukani, safari hii bila suruali mkononi. Aliweka simu juu ya meza ninayokatia vitambaa, akawa anapiga, na ile sauti ya kike ya mtambo inamjibu kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Nje kulikuwa na muziki, wasusi wanaita wateja, dunia nzima inapita barabara yetu ya Rockey Street, na yeye hana hata mtu mmoja. Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye.

Jioni simu ikaita yenyewe. Alikuwa Falonne, binti wa jirani yao wa Goma.

"Papa Chloé, mama iko muzima," alisema. "Lakini alikataa kutoka. Watu wote walikimbia, tukamuvuta mukono, akakataa. Leo tumerudi, tumemukuta: tangu ile siku amefunga mizigo, anaikalia pale ku mulango. Mabomu ilikuwa inapiga, na yeye anasema, 'Firmin amesema sasa hivi. Akinikosa hapa, atanitafuta wapi?'"

Firmin alishika ukingo wa meza. Kisha ikaja sauti ya mama mwenyewe, ndogo, haina lawama hata chembe.

"Mutoto wangu, umefika wapi?"

Firmin akafungua mdomo. Nilijua atasema yuko njiani; neno lilishafika kwenye ulimi wake.

"Mwambie kweli, Baba Chloé," nilinong'ona.

"Mama," alisema, "niko Johannesburg. Sijatoka."

Firmin alikuwa analia na hajifuti.

"Aa, sawa," mama akasema. "Basi nifungue mizigo, ao niiache imefungwa?"