Kunguru wa Kifua Cheupe na Mwenzake Mweusi

Nyuma ya ploti yangu hapa Kitengela kulikuwa na kunguru wa aina mbili. Mtu mwenye haraka huona ndege mmoja tu. Mimi sina haraka. Mmoja ana kifua cheupe na mdomo mnene. Hupenda jalala, kichinjio na mlango wa jikoni. Mwingine alikuwa mweusi mwili mzima, mdomo mwembamba. Huyo alitembea malishoni na mke wake, polepole kama wazee wanaotoka kanisani, wakigeuza mavi ya ng'ombe kutafuta wadudu.

Ukame ulimwachia jirani yangu Nalangu mbuzi mmoja, mwenye mimba.

"Huyu akienda, Mama Kiama, na mimi naenda," aliniambia. "Nitakaa kwa boma bila mnyama nikifanya nini?"

Binti yake Lorna amepanga chumba kimoja Rongai. Nalangu hakukitaka.

Mbuzi akazaa. Tangu hapo, kila asubuhi Nalangu aliniwekea kikombe cha maziwa ya chai juu ya nguzo ya lango. Sikuwahi kumwomba.

Lakini mtoto wa mbuzi alikuwa dhaifu. Siku moja Nalangu akiwa ameenda kuteka maji, wale wa kifua cheupe walishuka wakamtoboa macho. Akafa. Allan, mwana wa Nalangu, alipita kwangu amefura kwa hasira.

"Shosho, leo hawa kunguru nawamaliza."

"Si wote, Allan. Hawa weusi hawajawahi kugusa mbuzi wenu."

"Wote ni weusi, shosho. Hao wengine wamevaa tu vesti."

Hata mimi nilicheka. Nilidhani atawarushia mawe.

Alimpaka yule mtoto wa mbuzi dawa ya wadudu, akamlaza juu ya jiwe nyuma ya boma, akarudi kazini kwa bodaboda yake. Wa kifua cheupe walikaa juu ya nguzo ya stima wakitazama. Hawakushuka. Walioshuka ni weusi.

Jioni Nalangu alirudi na mitungi, akamkuta mtoto wa mbuzi jiweni. Kwao, mtoto wa mbuzi akifa huchunwa, na ngozi huwekwa mbele ya mama ailambe, akubali kukamuliwa. Alidhani Allan amemwekea tayari. Akachuna.

Asubuhi niliwakuta wale weusi wamekufa kwenye ua wangu, bawa la mmoja juu ya mwenzake. Nilikuwa bado nimeinama pale Nalangu alipokuja mbio bila viatu. Alinyakua kikombe changu langoni, akamwaga maziwa.

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Nalangu."

Alinishika mabega, akaniangalia machoni mpaka akaamini. Kule bomani alikuwa amemwacha mbuzi wake wa mwisho anatetemeka, povu mdomoni, na yeye alikuja kwangu kwanza.

Tulipofika bomani kwake, mbuzi alikuwa amelala na pua juu ya ngozi ya mtoto wake. Hakupumua tena. Allan alisimama ameshika helmeti.

"Yeyo, sikujua utamchuna."

"Na mimi sikujua umempaka," mama yake alisema. Hakumgombeza. Alikaa tu chini.

Jumamosi Lorna alikuja na pikapu. Walipakia kitanda, mitungi na kuku wawili. Tulishikana mikono.

Kikombe bado kiko langoni. Wa kifua cheupe wamekuwa wengi zaidi. Asubuhi mmoja hutua pale, akachungulia ndani, akakuta hakuna kitu. Simfukuzi. Nikimfukuza, nitabaki na nani?